Mvuke Utapimwa kwa Pishi Gani? Barua ya Wazi Kutoka Newala

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Nishati na Waziri wa Kilimo. Mkurugenzi Mkuu wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenyekiti wa Bodi ya Korosho Tanzania. Na Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Mezani kwangu yapo madaftari mawili. La kwanza ni la boila. Niliondoka nalo siku kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kilipofungwa, na ndani yake kuna saa, presha ya mvuke, kina cha maji na idadi ya magogo tuliyotia tanurini kila zamu. La pili ni la kumbukumbu za mikutano ya chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS, enzi nilipokuwa mjumbe wa bodi. Ninachotaka kuwaambia kimo katikati ya madaftari hayo. Nawaandikia nyote kwa pamoja na hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa nishati, linagusa kilimo, linagusa viwanda na ardhi, na kila nilipobisha hodi nimeelekezwa mlango wa jirani.

Ombi langu ni moja. Tuandikieni mkataba wa mfano wa mvuke na maganda ya korosho, kwa Kiswahili, uchapishwe na uanze kutumika kabla viwanda vipya vya ubanguaji havijamwagiwa zege. Yote yanayofuata ni maelezo ya kwa nini.

Nianze na boila, maana ndiyo niliyoishi nayo. Korosho ghafi hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee, ndipo ibanguliwe. Baadaye kiini hukaushwa kwa saa kadhaa kwa joto la wastani, mpaka ile ngozi yake nyekundu imenyeke bila kuvunja kiini. Kwa hiyo kiwanda kinataka joto mara mbili, na katikati yake kinataka umeme: pampu, feni, mashine za kubangulia, mashine za kupangia madaraja, taa. Kiwandani kwetu joto lilitoka kwenye kuni. Umeme ulitoka kwenye laini, na laini ikikatika tuliwasha jenereta ya dizeli. Nyuma ya ukuta, hatua hamsini kutoka tanurini, yalilala maganda.

Ganda ni karibu theluthi mbili ya uzito wa korosho ghafi. Ukibangua tani tatu, tani mbili hivi unazitupa nyuma. Na ganda hilo lina mafuta, yaleyale yanayowachoma vidole kina mama wanaobangua kwa mkono, kiasi kwamba likikauka joto lake halipungui la kuni kavu, na mara nyingi linazidi. Tulikuwa tunanunua kuni, tunanunua dizeli, halafu tunalipa lori la kwenda kumwaga maganda. Nimeandika hayo yote kwenye daftari kwa mkono wangu, ukurasa baada ya ukurasa, na wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Siku niliyoiona ni usiku mmoja wa Desemba. Umeme ulikatika, jenereta ikagoma, pampu ya maji ya boila ikasimama. Boila isiyopata maji ni bomu, kwa hiyo nilichota moto nje kwa koleo pamoja na msaidizi wangu, na korosho zilizokuwa kwenye chungu zikabaki zimepikwa nusu. Asubuhi viini vilitoka na madoa, vikauzwa daraja la chini. Meneja aliniuliza kwa nini boila yenye moto mkali vile inashindwa kuwasha pampu yake yenyewe. Alisema kwa hasira, hakutaka jibu. Lakini swali lilikuwa la kweli, na jibu lake linajulikana duniani kwa zaidi ya miaka mia moja: inaweza. Unafunga boila ya presha kubwa kuliko inayohitajika kupikia, mvuke unapita kwanza kwenye tabini, yaani gurudumu la mapanga, unaizungusha, tabini inazungusha jenereta. Mvuke unatoka umepoteza presha lakini bado una joto la kupikia na kukaushia. Moto mmoja, kazi mbili.

Hapa nchini jambo hili si geni. Kule Njombe, kampuni ya miti ya miwati ya TANWAT imekuwa ikichoma mabaki ya miti tangu miaka ya 1990 katika mtambo wa megawati mbili na ushee, ikitumia mvuke kiwandani na kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la Taifa, umeme wa ziada. Kule Arusha Chini, kiwanda cha sukari cha TPC kinachoma makapi ya miwa, kinapika sukari, kinajiendesha na kuuza kinachobaki. Miti wanayo, miwa wanayo. Sisi wa Kusini, tunaotoa sehemu kubwa ya korosho ya nchi hii, tunapeleka nyingi yake nje ikiwa ghafi, na ganda lake linakwenda kuwasha matanuri ya India na Vietnam.

Sitaki kuwapa ndoto. Nimepiga hesabu ya mkono, ya fundi, na nairudia hapa ili mwenye utaalamu aikosoe. Kiwanda kinachobangua tani 5,000 kwa mwaka kinapata maganda tani 3,300 hivi. Kilo moja ya maganda makavu ina joto la takribani uniti tano, yaani kilowati-saa tano. Hizo ni uniti milioni 16 na nusu za joto kwa mwaka. Tabini ndogo ya aina niliyoeleza itageuza labda asilimia nane ya joto hilo kuwa umeme: uniti milioni 1.3, yaani mtambo wa kilowati 200 na kidogo ukifanya kazi saa 6,000. Hapo si megawati kumi. Ni umeme wa kuendesha sehemu kubwa ya mashine za kiwanda chenyewe na kutokuomba dizeli. Joto linalobaki baada ya tabini, hata ukiondoa linalopotea bombani na kwenye dohani, ni mara nyingi zaidi ya umeme huo, na linazidi hata mahitaji ya kiwanda chenyewe.

Hapo ndipo nataka mtulie kidogo, Waheshimiwa. Katika miradi ya namna hii bidhaa kubwa ni joto. Umeme ni mtoto mdogo. Lakini katika sheria zetu mtoto ndiye aliyevishwa nguo zote, na mama yake yuko uchi.

Tazameni. Sheria ya Umeme ya 2008 inataja leseni za kufua umeme, kuusafirisha, kuusambaza, kuuuza, kuuvusha mpaka. Mwenye mtambo chini ya megawati 1 imempunguzia mzigo wa leseni. Mwaka huohuo 2008 ukawekwa utaratibu wa wazalishaji wadogo, wa kuuza hadi megawati 10, na kwa maoni yangu ni moja ya mambo mazuri ambayo wasimamizi wa nishati wamewahi kuyafanya nchini mwetu: ukatolewa mkataba wa ununuzi wa umeme ulio tayari, wenye vifungu vyake, unaofanana kwa kila mzalishaji mdogo. Kiwanda cha kijijini hakikuhitaji tena kwenda mjini na wakili wa bei mbaya kubishana na TANESCO neno kwa neno. Bei nayo ilikuwa na kanuni: mwanzoni ilifuata gharama ambayo TANESCO ingeiepuka kwa kununua umeme huo, na mwaka 2015 zikaja bei zilizopangwa kwa aina ya teknolojia, zikiwamo za maji na za mabaki ya mimea. Wazo la gharama iliyoepukwa lilitumika Marekani tangu sheria yao ya 1978, iliyozilazimisha kampuni za umeme kununua kutoka kwa viwanda vinavyozalisha joto na umeme kwa pamoja. Wenzetu walijua kwamba bila kumlazimisha mkubwa kununua, mdogo hatapata hata mkopo wa kununulia vali.

Sasa tafuteni mvuke katika orodha hiyo ya leseni. Haumo. Mtu akitaka kumuuzia jirani yake mvuke, kinachomlinda ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yaani ile ile inayomlinda anayeuza baiskeli. Sina ugomvi na Sura ya 345. Lakini sheria hiyo inalinda kile mlichokiandika, na kama hamkujua la kuandika, inalinda upungufu wenu.

Hilo lilitufika. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuja kwenye AMCOS yetu na pendekezo. Chama kilikuwa na mpango wa kiwanda kidogo cha ubanguaji, na wao wangejenga pembeni yake nyumba ya boila na tabini kwa fedha yao, waimiliki, waiendeshe, watuuzie mvuke na umeme kwa miaka 15. Sisi tungewapa maganda. Kwa maneno ilikuwa nzuri sana, na hata leo nasema wazo lenyewe halikuwa baya: mwenye mtaji anaweka mtambo, mwenye kiwanda anabaki na kazi yake ya kubangua. Nchi nyingi zinafanya hivyo. Wakatuletea rasimu ya mkataba, kurasa arobaini na ushee, Kiingereza kitupu, wakatupa wiki mbili.

Mkutano tuliufanyia chini ya mwembe wa ghala. Kijana wao alieleza kwa heshima, picha zilikuwepo, soda zilikuwepo. Mwishoni akaruhusu maswali. Akasimama bibi mmoja, mwanachama tangu chama kinaandikishwa, akasema: "Mjukuu wangu, korosho zangu mnazipima kwa mizani, nami naiona. Huo mvuke mtaupima kwa pishi gani?"

Watu walicheka. Kijana alisema hilo ni la kitaalamu, litashughulikiwa. Mimi sikucheka, kwa sababu kati ya watu wote pale chini ya mwembe ni mimi niliyekaa na mvuke miaka kumi na saba, na nilijua kwamba bibi amegonga penyewe. Nilirudi nyumbani na rasimu, kwa msaada wa mwalimu wa sekondari tukaisoma kifungu kwa kifungu kwa usiku tano.

Mvuke ungelipwa kwa tani. Lakini tani ya mvuke wa presha gani? Tani moja ya mvuke mkavu na wenye presha inapika. Tani moja ya mvuke uliolowa, uliopoa kwenye bomba refu lisilofunikwa vizuri, inalowesha korosho na kuziharibu. Kwenye mizani zote ni tani. Rasimu haikutaja presha, haikutaja joto, haikutaja mita ifungwe upande gani wa ukuta. Ikifungwa upande wa boila, joto linalopotea njiani unalilipa wewe mnunuzi. Ikifungwa upande wa kiwanda, analibeba muuzaji, naye atahakikisha bomba limefunikwa. Kifungu kimoja cha mistari miwili kinaamua nani atanunua blanketi la bomba. Na mita hiyo nani ataihakiki? Mizani ya korosho Wakala wa Vipimo huja kuikagua. Mita ya mvuke nayo ni kipimo cha biashara kama kilivyo kipimo kingine chochote.

Kisha maji. Mvuke ukishafanya kazi unapoa, unakuwa maji ya moto, safi kuliko ya kisimani, yasiyo na chumvi ya kuganda kwenye mabomba ya boila. Mafundi tunayaita kondenseti. Yakirudishwa, boila inatumia kuni kidogo na dawa kidogo. Kwa Newala jambo hili si la pembeni. Sisi tuko juu ya Uwanda wa Makonde. Maji yetu yanapandishwa kutoka bondeni Mitema, na kila mwenye umri wangu anakumbuka mama yake akitoka alfajiri na ndoo. Rasimu ilisema tunapaswa kurudisha kondenseti yote na kwamba upungufu wowote tutaulipia. Haikusema kwamba tukirudisha, joto lililomo tutapunguziwa kwenye bei. Maana yake tungelinunua joto lile lile, tulirudishe, halafu tuuziwe tena.

Bei yenyewe ilifungwa kwenye dola na kwenye bei ya dizeli. Moto unawashwa na maganda yetu, bure, lakini bei yake ipande kila dizeli ikipanda! Nilimuuliza kijana yule sababu, akasema benki yao ndivyo inavyotaka. Huenda. Mtambo umenunuliwa kwa dola, na sehemu ya malipo ya mtambo kufuata dola naielewa. Lakini mkataba wa haki hugawa bei vipande viwili: kipande cha kulipia mtambo, ambacho hakibadiliki kila mwezi, na kipande cha kulipia kuni, yaani chochote kinachochomwa, ambacho kinafuata bei ya kuni zinazotumika kweli.

Na maganda. Huku Kusini tunalo neno kangomba: mlanguzi anamvizia mkulima mwenye shida kabla ya msimu, anamnunulia korosho kwa bei ya kutupa, na Serikali imepambana nayo miaka mingi. Kifungu cha maganda kilikuwa kangomba ya kiwandani. Maganda yote, kwa miaka 15, bila malipo, na mafuta yake wakamue wao. Mafuta ya ganda yanauzwa nje, yanatengenezewa rangi na bitana za breki. Ganda likishakamuliwa bado linawaka. Kwa hiyo ganda lina bei mbili ndani yake, ya mafuta na ya moto, nasi tulitakiwa kuzitoa zote mbili kwa ahadi ya mvuke wa bei ya dizeli.

Hatukusaini. Kampuni ikaondoka, mradi ukafa, na kiwanda chetu mpaka leo ni msingi wa matofali unaoota nyasi. Sijivunii hilo. Tulikataa mkataba mbovu, lakini hatukuwa na mzuri wa kuweka mezani badala yake. Laiti ungekuwepo mkataba wa mfano, kama ule wa umeme wa 2008, tungewaambia: huu hapa, jazeni namba.

Mtaniuliza, je, EWURA ipange bei ya mvuke kama inavyopanga ya umeme na mafuta? Kwa maoni yangu, hapana, si sasa. Mvuke hausafiri mbali. Wanunuzi ni wawili, watatu, wanafahamiana. Denmark walitunga sheria ya joto mwaka 1979, baada ya mafuta kupanda bei duniani, kwa sababu miji yao mizima inapashwa moto na mabomba na mwananchi hana pa kukimbilia. Hali yetu si hiyo. Tunachohitaji ni maandishi ya mfano, mahali pa kupeleka shauri kabla ya mahakamani, na mtu wa kukagua mita. Bei tutakubaliana wenyewe.

Lipo gumu zaidi, nalo liko upande wa Kilimo. Mkopo wa mtambo ni wa miaka saba au kumi. Benki itauliza: maganda ya mwaka wa sita yatatoka wapi? Hapo mwenye kiwanda hana jibu, kwa sababu korosho ghafi anainunua mnadani, msimu kwa msimu, akishindana na mnunuzi anayepeleka korosho ghafi nje, ambaye hana mshahara wa wabanguaji wala deni la boila. Mimi ni mkulima, na mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuiuza mnadani, umenitoa mikononi mwa kangomba. Sitaki mtu auguse vibaya. Lakini mtambo wa miaka kumi hausimami juu ya kuni za mwaka mmoja mmoja. Kumbukeni pia Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaikusanya. Sizungumzii uzuri au ubaya wa uamuzi ule. Nasema kwamba mwenye mkataba wa kupeleka mvuke kwa jirani siku ile angehitaji kifungu kinachosema nani anabeba hasara pale mabadiliko ya namna hiyo yanapomzuia kupata korosho. Mkataba usio na kifungu cha mabadiliko ya sheria na ya maagizo ya Serikali, benki haiugusi.

Njia ninayoiona mimi ni vyama vyenyewe kuwa wabia. Pale chama kikuu au AMCOS kinapobangua sehemu ya korosho ya wanachama wake katika kiwanda chake, ganda ni mali ya wanachama tangu shambani, na wanaweza kuliahidi kwa miaka kumi bila kumwomba mtu. Mauritius walikabili jambo hili hili kwenye miwa. Miaka ya 1980 walianzisha mfuko wa kumlipa mkulima kwa makapi ya miwa yake yanayofua umeme, hata kama yeye hana kiwanda. Makapi yakawa na mwenyewe na yakawa na bei. Bodi ya Korosho inaweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo: kutangaza tu, katika mwongozo wake wa msimu, kwamba ganda linalotokana na korosho iliyobanguliwa kwa niaba ya wanachama ni la wanachama, na kwamba mkataba wowote wa maganda utaje kama ni kabla au baada ya kukamuliwa mafuta.

Nimesikia, na nimefurahi, kuhusu kongani ya viwanda vya korosho, yaani viwanda vingi eneo moja, ya Maranje, kule Nanyamba. Hapo ndipo pa kuanzia. Viwanda kadhaa uwanja mmoja vikijengewa kila kimoja boila yake ya kuni, tutakuwa tumejenga dohani nyingi na kosa moja. Nyumba moja ya boila, katikati, na mabomba mafupi yaliyofunikwa vizuri, ndiyo inayofanya tabini iwe na maana, kwa sababu mtambo mdogo sana haurudishi gharama yake na mkubwa kidogo unarudisha. Lakini nyumba moja inaleta maswali yake, na yakiachwa mpaka viwanda vianze kazi yatakuwa kesi. Kiwanda kimoja kikifunga milango kwa kukosa korosho, je, kinaendelea kulipa sehemu yake ya mtambo? Mimi nasema ndiyo, kwa kiwango kilichokubaliwa, vinginevyo waliobaki wanabebeshwa. Boila ikisimama kwa matengenezo, wanunuzi walipiwe fidia kuanzia saa ya ngapi? Bomba likipita kwenye kiwanja cha mtu, haki ya njia yake iandikwe kwenye hati za viwanja tangu siku vinagawiwa, maana baadaye kila mwenye kiwanja atadai chake. Mwendeshaji akifilisika, mkopeshaji aweze kuingia na kuweka mwendeshaji mwingine bila moto kuzimika. Na kama TANESCO itauziwa umeme wa ziada, nani analipia laini na mita za kuunganisha, na kiwanda kitapata umeme wa akiba kwa bei gani siku tabini inapofanyiwa matengenezo?

Jambo la moshi nalisema kwa kifupi ingawa si dogo. Ganda lenye mafuta likichomwa kwenye tanuri baya hutoa moshi unaowasha macho na koo, nimeuvuta, najua. Linapokamuliwa kwanza na kuchomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, ni moshi mwingine kabisa. Cheti cha NEMC, baraza la mazingira, na ukaguzi wa boila wa OSHA, wakala wa usalama kazini, viwe viambatisho vya mkataba wa mfano, ili mwendeshaji asiye navyo asiweze kudai malipo.

Na kwa kuwa nawaandikia pia watu wa gesi, niruhusuni niseme moja. Mnazi Bay gesi iligunduliwa 1982, Songo Songo kule Kilwa 1974. Mtwara tuna kituo cha kufua umeme kwa gesi tangu kwenye 2007. Injini nzuri ya gesi hugeuza takribani asilimia 40 ya nguvu ya gesi kuwa umeme. Nyingine ni joto, linapanda angani. Ukilikamata, matumizi yanafika asilimia 75 hadi 85. Joto hilo linaweza kukausha korosho, na kuna mitambo inayotumia joto kutengeneza barafu, bidhaa ambayo mvuvi wa Mikindani na wa Kilwa Masoko anaijua thamani yake kuliko mimi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliumia na wengine walipoteza maisha katika ghasia za gesi, wakiuliza gesi itatuachia nini. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilikamilika 2015, na hilo limepita. Lakini joto halisafirishwi kwa bomba la mamia ya kilomita. Joto la mtambo uliojengwa Mtwara litatumika Mtwara au halitatumika kabisa. Kila mkataba mpya wa gesi kwa mtambo wa umeme au kiwanda kikubwa katika mikoa hii miwili uwe na kifungu kinachomtaka mwenye mtambo aeleze joto lake linakwenda wapi, na atoe bei kwa jirani atakayeliomba.

Kuhusu lugha, Bunge lilishapitisha mwaka 2021 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Mkataba unaomfunga mkulima wa Kitangari kwa miaka 15 hauna sababu ya kuwa katika lugha asiyoisoma. Mwekezaji akitaka tafsiri ya Kiingereza aandike yake, na yanapotofautiana maneno, la Kiswahili litawale.

Waheshimiwa, siombi fedha. Naomba EWURA, Bodi ya Korosho na wanasheria wachache wa Serikali wakae meza moja na mafundi wawili watatu wa boila, waandike. Mkataba wa umeme wa wazalishaji wadogo mnao tayari. Nusu ya kazi mnaweza kuichukua humo. Kazi ya miezi michache.

Nikiitwa nitakuja, Mtwara, Lindi au Dodoma, na madaftari yote mawili. La boila lina miaka kumi na saba ya presha na magogo, litawasaidia kujua kiwanda kinakula joto kiasi gani kwa saa. La mikutano lina swali la bibi yule, nimeliandika kama alivyolisema. Yupo hai, ana afya, na kila tunapokutana sokoni Newala ananiuliza kama pishi limeshapatikana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa korosho na fundi boila mstaafu,
Newala, Mtwara.